Jina la Mwanangu Liko Ubavuni mwa Lori la Zege

Lori la zege lilinipita kwenye kituo cha basi cha Kipling, hapa Toronto, asubuhi moja ya Januari, pipa lake likizunguka, na ubavuni limeandikwa jina la mwanangu. Si jina la ubatizo. Ni lile la ukoo, la baba yake, kwa herufi nyekundu ndefu kuliko mimi. Lilinirushia tope la theluji mpaka magotini. Nikalitukana kwa Kiswahili, halafu kwa Kihaya, na mzungu mmoja aliyekuwa anasubiri basi akasogea pembeni kidogo.

Jina lenyewe silitaji hapa. Ni la Kitaliano, inatosha kujua hivyo.

Baba yake ndiye aliyeling'ang'ania hospitalini. "Mtoto wangu ataitwa kwa jina la kwetu," alisema, kifua mbele, kama vile huu mji kaujenga yeye. Mtoto hata kukaa hajaweza, baba akaondoka kwenda Alberta, mkoa wa mbali magharibi, kupiga vigae kwenye majumba ya watu, akasema akishapata nyumba atatuita. Nyumba kapata. Hajatuita. Kwa mama yake mzazi, ambaye anaishi huko kaskazini ya mji kwenye nyumba za matofali na zabibu uani, hakuwahi kunipeleka hata siku moja. Alisema mama yake anahitaji muda. Mpaka leo anahitaji muda.

Kwa hiyo alichotuachia ni jina, na jina lenyewe limeenea mji mzima. Ukiwa na hasira na mtu ndiyo unaona. Liko juu ya duka la mikate kule barabara ya St. Clair. Liko kwenye makopo ya nyanya, pamoja na picha ya mwanamke mnene anayecheka. Liko kwenye bango la mgombea udiwani lililochomekwa kwenye theluji mbele ya nyumba ya mtu. Uchaguzi umeshapita na hakuna aliyejisumbua kuling'oa. Kuna kichochoro kinaitwa hivyo, kina nyumba chache na pipa la taka. Kuna nyumba inayoandaa mazishi, imeliandika kwa rangi ya dhahabu juu ya mlango. Nilipolitafuta kwenye simu nikakuta kuna na kijiji, na aina ya jibini, na gari la zamani ambalo halitengenezwi tena, na shimo moja kule mwezini. Mwezini! Wamefika mpaka mwezini, na mmoja wao kashindwa kufika hapa Etobicoke tunapokaa.

Mama yangu alikuja kutoka Bukoba kunisaidia kulea, ili nirudi kazini. Nafunga sandwichi kwenye kiwanda kimoja karibu na uwanja wa ndege, zile za pembetatu ambazo msafiri ananunua akiwa hana njia nyingine. Mama alifika na koti la kuazima, vitenge, na kikapu kidogo chenye mfuniko, ndani yake kahawa ya kutafuna. Asiye wa kwetu haijui hiyo kahawa. Hatuikaangi wala hatuisagi. Inachemshwa na majani yenye harufu, inakaushwa, na mgeni akiingia nyumbani anasogezewa kikapu achukue punje chache atafune. Usipompa, umemfukuza. Akikataa, amekutukana.

Siku aliyofika alimpakata mjukuu wake, akamnusa shingoni, akamgeuza akamwangalia vidole vya miguu. Kisha akauliza.

"Mwiko wao nini?"

"Wa nani, mama?"

"Wa hawa wenye mtoto. Ukoo wake. Hawali nini?"

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Kwetu Wahaya kila ukoo una kitu usichokula. Ukoo wa baba yangu hauli kamongo, yule samaki mrefu wa matopeni. Nimekua nikijua hivyo kama ninavyojua jina langu, na kwa kuwa Toronto hakuna anayeuza kamongo, sijawahi kupata taabu. Mtoto anafuata mwiko wa baba yake. Ndiyo kitu cha kwanza anachopewa baada ya jina, na ndicho kinachowatambulisha watu hata kama hawajawahi kuonana. Ukimlisha mtoto mwiko wa kwao, wazee wanasema ngozi itambabuka.

"Wazungu hawana mwiko," nilimwambia.

"Nani kakwambia?"

"Mama, ni Wataliano. Wanakula kila kitu. Wanakula mpaka konokono."

"Wote? Ukoo huu unaujua? Umekaa nao? Umepika kwao?"

Hapo akawa amenishika pabaya, maana kwao sikupika wala sikukanyaga.

Basi mama akaamua. Maziwa atampa, kwa sababu maziwa ni maziwa. Chakula cha mkono wake mtoto hatakigusa mpaka ukoo useme. "Siwezi kulisha mtoto wa watu kwa kubahatisha," alisema, akakunja mikono, na mama yangu akikunja mikono huyo kashamaliza.

Sasa hilo lilikuwa tatizo, siyo mzaha. Muuguzi wa kliniki alishaniambia mtoto umri wake umefika, aanze kula, na uzito wake haupandi anavyotaka yeye. Mimi naondoka kukiwa bado giza. Nikawa namlisha vijiko viwili vitatu vya karoti ya kusaga, yeye bado ana usingizi, anatema, basi langu linakuja, naondoka na karoti kwenye koti. Kutwa nzima anashinda na maziwa. Nikirudi namkuta anamwangalia bibi yake akila ndizi, mdomo wazi, macho yanafuata mkono, na bibi anakula huku kageukia ukutani kwa aibu.

"Mama, mtoto ana njaa."

"Naona."

"Sasa?"

"Mpigie baba yake muulize. Swali dogo."

Niliandika ujumbe. Nilimwuliza, kwa heshima ambayo hakustahili, kwenu kuna kitu gani hamli. Zikaja alama mbili za bluu. Amesoma.

Halafu mtoto akaota ukurutu. Mashavuni, halafu viwiko, halafu shingo yote, ngozi imekauka inachanika. Muuguzi alisema ni baridi na hewa kavu ya mashine za joto, watoto wengi huku wanapata hivyo, akanipa mafuta ya kupaka. Nikamtafsiria mama.

"Umemlisha nini asubuhi?" mama akaniuliza, siyo muuguzi.

"Karoti."

"Karoti."

"Mama! Nani duniani ana mwiko wa karoti?"

"Hujui," akasema. "Ndiyo taabu yako. Hujui."

Nilitaka kupiga kelele pale pale kliniki. Nilikuwa nimechoka, na aliyekuwa anakula kwa raha alikuwa Alberta. Lakini nilichoona ni kwamba mama naye alikuwa anaogopa kweli. Viza yake ilikuwa inaisha wakati wa masika. Angerudi Bukoba, watu wangemwuliza mjukuu wake ni wa nani, na yeye hana cha kujibu. Mwenye jina tu, kama kopo la nyanya.

Siku yangu ya mapumziko aliamka mapema, akajifunga kitenge kizuri juu ya suruali mbili, akakaa kwenye kochi na kikapu chake mapajani.

"Twende kwa wakwe zako," akasema.

"Wapi?"

"Wewe si umesema wana duka la mikate?"

Nilimweleza katika basi, nikamweleza tena katika treni, na tena kwenye tramu, kwamba huku watu wakifanana jina haina maana ni ndugu. Alikuwa anaangalia nje. "Na sisi tuna watu Karagwe hatujawahi kuwaona," akasema. "Siku wakija, wakitaja mwiko, wanaingia ndani wanakaa. Umewahi kuona nimewafukuza?"

Duka lilikuwa na joto na harufu nzuri. Nyuma ya kaunta alikuwa dada mmoja mweusi wa rangi, nywele ndefu zimefungwa kwenye wavu, Mtamili kutoka Sri Lanka. Mama akamsalimu kwa kuinama kidogo, kama mtu anayeingia ukweni. Nikamwambia yule dada tunamtafuta mwenye jina lililo juu ya mlango.

"Huyo alishauza zamani," akasema. "Akanunua Mreno. Mreno akamwuzia shemeji yangu."

"Na jina?"

"Jina lilikuja na oveni. Watu wamelizoea, tukibadilisha hawaingii."

Nikamtafsiria mama. Akatazama juu kwenye dari kana kwamba jina lenyewe lingeanguka.

"Wameuza jina?"

"Ndiyo."

"Pamoja na jiko?"

"Ndiyo, mama."

"Mawe!" akasema, na hilo kwetu ndilo neno la mtu aliyeishiwa. Halafu: "Basi hao siyo wao." Akanunua mkate mdogo ili safari isiwe bure, tukatoka.

Nilidhani imeisha. Lakini ile nyumba ya mazishi iko barabara hiyo hiyo, na dhahabu inaonekana kutoka mbali. Mama hasomi Kiingereza, ila herufi za jina la mjukuu wake alikuwa ameshazikariri kutoka kwenye kadi ya kliniki. Akasimama katikati ya njia na kigari cha mtoto.

"Lile pale."

"Mama, hapo ni pa maiti."

"Wafu ndio wenye ukoo," akasema, akavuka.

Ndani kulikuwa na zulia nene na harufu ya maua mengi. Akatokea mzee wa makamo ya kuitwa babu, suti nyeusi, nywele nyeupe zimechanwa nyuma, mikono kaikutanisha tumboni. Akatutazama mimi, mama, mtoto, akainamisha kichwa.

"Poleni sana," akasema kwa Kiingereza. Nikamtafsiria mama.

"Mwambie tumeshapoa," mama akajibu.

"Ni nani aliyefariki?"

"Hakuna," nikamwambia. "Mama yangu anataka kukuuliza mambo ya chakula."

Kama ni mimi ningetufukuza. Yeye alitazama saa, akatazama mlango wa ndani, akasema hana mtu mpaka mchana, akatuonyesha viti. Vilikuwa vile viti laini vya wafiwa, vyenye boksi la tishu kila upande. Nilimweleza kwa kifupi, bila kupamba: mtoto ana jina lako, baba yake hayupo, mama yangu anataka kujua ukoo wenye jina hilo hauli nini. Akauliza baba wa mtoto kwao ni sehemu gani ya Italia. Nikamtajia mji aliokuwa anautaja, kule kusini. Akatikisa kichwa.

"Sisi ni wa kaskazini, karibu na milima. Hawa na sisi hatuhusiani kabisa. Jina hili wanalo watu wengi, binti yangu. Hatuna undugu."

Nilimtafsiria mama neno kwa neno. Sikupunguza kitu. Nilitaka asikie, tumalize, turudi nyumbani mtoto ale karoti.

"Mwambie undugu siyo swali," mama akasema. "Swali ni wanakula nini." Na bila kungoja akafungua kikapu, akakisogeza kwa mikono miwili.

Mzee akachungulia. "Nini hii?"

"Kahawa."

Kusikia hivyo akavaa miwani. Akachukua punje moja, akainusa, akaiweka mdomoni, akatafuna taratibu kama mtu anayesikiliza kitu kwa mbali.

"Haijakaangwa?"

"Haikaangwi."

"Huu ni uhalifu," akasema. Akachukua nyingine.

Mama alikuwa anamtazama taya. Alipoona amemeza, mabega yake yakashuka. Amepokea. Sasa wanaweza kuzungumza.

Mzee akafikiri. Akasema mkesha wa Krismasi hawali nyama. Nikatafsiri, na mama akapunga mkono. "Hiyo ya kanisa. Na sisi ni Wakatoliki, asitufundishe. Nauliza ya nyumbani. Kitu ambacho baba yake alikataa."

Nilipolisema hilo la baba, yule mzee akaacha kutafuna.

"Unga wa mahindi," akasema.

Akatueleza. Kwao milimani, baba yake alipokuwa mtoto, chakula kilikuwa unga wa mahindi uliosongwa kwenye chungu na kumwagwa juu ya meza ya mbao. Asubuhi huo, mchana huo, usiku huo, bila kitoweo, mwaka baada ya mwaka, kwa sababu hakukuwa na kingine. Watu wakaugua kwa kula hicho tu. Bibi yake, mama mzaa baba, mikono na shingo vilimbabuka, ngozi ikawa inatoka kama ganda, mwisho akapoteza akili akafa. Baba yake alipopanda meli kuja Kanada aliapa unga wa mahindi hautaingia nyumbani kwake. Na haukuingia. "Mimi nina umri huu," mzee akasema, "sijawahi kuuonja. Wanangu hawajauonja. Leo wanauuza mahotelini kwa watu wa maana, nami nikiuona tu nasikia vibaya."

Nilianza kutafsiri na nilipofika kwenye ngozi mama akanishika mkono kwa nguvu.

"Ngozi?"

"Ndiyo. Ilibabuka."

"Shingoni?"

"Ndiyo, mama."

Akamgeukia mtoto, akamshushia kola, akamwonyesha mzee ule ukurutu. Mzee akainama akauangalia. Sikumwambia habari za hewa kavu. Alikuwa anajua habari za hewa kavu, kaishi huku maisha yake yote. Lakini alitikisa kichwa kwa heshima, kama anavyofanya kila siku kwa watu wanaomwonyesha vitu.

"Ugali," mama akasema. Akaegemea nyuma kwenye kiti cha wafiwa na kuanza kucheka, anacheka mpaka anafuta machozi kwa tishu za pale. Wahaya tunajulikana: ugali kwetu ni chakula cha shida, chakula cha shule, heshima ni ndizi. "Ukoo una akili huu," akasema. "Mwambie. Ukoo wa maana kabisa."

Nikamwambia. Mzee akasema asante. Akatusindikiza mpaka mlangoni, akamfungia mtoto kofia yeye mwenyewe, akasema tukipata shida anakuja hata usiku. Alimaanisha ile shida ya kazi yake.

Hatukwenda kwenye lori la zege. Mama alisema haina haja.

Mchana ule ule alimenya ndizi tulizonunua kwa Wajamaika, akazipika mpaka zikalainika, akaziponda kwa uma na siagi kidogo. Akakaa chini kwenye zulia, miguu kainyoosha, mtoto mapajani, akamlisha kwa vidole. Mtoto hakutema hata kidogo. Alikuwa anaukamata mkono wa bibi yake kwa mikono miwili na kuuvuta mdomoni kabla haujafika. Mimi nilisimama jikoni na koti langu sijavua, nimeshika kikopo cha karoti. Nilikuwa na hasira, na sikujua niielekeze wapi, kwa sababu mtoto alikuwa anakula.

Ukurutu ulipona. Mimi najua ni yale mafuta. Mama anajua anachojua.

Theluji ilipoanza kuyeyuka, baba wa mtoto akajibu ujumbe wangu. Aliweka picha ya uso unaocheka, halafu: *Sisi tunakula kila kitu.* Nikamsomea mama, ambaye alikuwa anapanga masanduku. Hakuinua hata kichwa.

"Huyo hakulelewa," akasema. "Usimsikilize."

Akaondoka. Kikapu aliniachia, kahawa imebaki chini kidogo.

Sasa mtoto anashinda ghorofa ya tatu, kwa mama mmoja Mkenya anayelea watoto wa jengo letu. Mwanamke mzuri, ana sauti kubwa, nyumba yake safi. Juzi nilitoka kazini mapema nikamkuta kawaketisha watoto mezani, kila mmoja na kisahani chake, sukuma wiki na ugali. Mwanangu kashika tonge, kalifinyanga vizuri kabisa, liko karibu na mdomo. Nikavuka sebule na viatu vyangu vyenye tope nikalichukua mkononi mwake.

"Ai! Nini mbaya?" yule mama akauliza. "Amezuiwa na daktari?"

"Hapana."

"Sasa? Ama nyinyi Wahaya ndio mnaringa hivyo hata na watoto? Asikule ugali akule nini, pizza?"

Ningeweza kumweleza. Dirisha lake linaangalia kule wanakojenga jengo jipya, na malori ya zege yalikuwa yamepanga foleni, jina hilo jekundu limejirudia moja nyuma ya jingine mpaka taa za barabarani. Sikumwonyesha. Mwanangu alikuwa analia anataka tonge lake, na wenzake wameacha kula wanatutazama.

"Kwao hawali," nikamwambia.

"Kwao wapi?"

Nikalitia lile tonge mdomoni mwangu, kwa sababu mwiko siyo wangu. Lilikuwa tamu.

"Wewe mpe wali," nikasema.